Ushuru wa forodha ni nini, na kwa nini rili ya kuvulia inafika Dodoma ikiwa ghali hivyo

Ushuru wa forodha ni hela ambayo serikali inakata kwenye mzigo unaoingia nchini kutoka nje, basi, hamna uchawi mwingine hapo. Kinachowachanganya watu ni nani anailipa. Utasikia mtu kijiweni anasema "Marekani kaipiga China ushuru", na wote mnaelewa kwamba Mchina atatoa hela, wakati kiukweli anayeenda kulipa forodha ni muagizaji, yani Mmarekani mwenyewe aliyeleta kontena kwake. Mchina anaumia kwa namna nyingine, oda zinapungua au analazimika kushusha bei ili asipoteze mteja, lakini risiti ya forodha haiandikwi jina lake. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo, ndoano ikitoka nje anayelipa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ni muagizaji wa Dar, halafu anaiweka kwenye bei, halafu wewe unayeenda kuvua bwawa la Hombolo Jumamosi ndio unaimalizia.

Nachukua mfano wa vifaa vya kuvulia, kama rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, makusudi kwa sababu karibu vyote vinatoka nje na huku Dodoma tunavinunua vikiwa vimeshapita mikono mingi.

Sisi tupo kwenye umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza 2005, maana yake nchi wanachama zinatoza kiwango kimoja kwa mzigo unaotoka nje ya jumuiya. Mwanzo kulikuwa na ngazi tatu, malighafi asilimia 0, bidhaa ambayo haijakamilika asilimia 10, bidhaa iliyokamilika asilimia 25, halafu Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa vitu ambavyo walisema vinazalishwa vya kutosha humu ndani. Zipo bidhaa zinazoombewa kiwango tofauti kila bajeti, ndio maana Juni wafanyabiashara wanakuwa roho juu. Kila bidhaa ina namba yake ya forodha inayotumika dunia nzima, fimbo za kuvulia, ndoano na rili zipo chini ya 9507, nyavu zipo 5608, na namba ndio inayoamua unaangukia ngazi gani, sio maelezo yako mazuri kwa ofisa.

Sasa asilimia inapigwa kwenye nini? Wengi wanadhani ni bei ya kiwandani. Hapana, kwetu inapigwa kwenye bei ya bidhaa ukijumlisha bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Marekani wao wanapiga kwenye bei ya bidhaa bila hiyo nauli ya meli, kwa hiyo sisi nauli ikipanda na ushuru unapanda wenyewe bila sheria kubadilika hata nukta. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka chini Afrika Kusini, nauli zikapanda sehemu nyingi duniani, na kwa hesabu ya aina hii nauli ya juu inakuumiza mara mbili.

Tupige hesabu ya mfano, namba ni zangu za kuelekezea tu. Rili kiwandani ni shilingi 40,000, nauli na bima 10,000, jumla 50,000. Tuseme ipo ngazi ya asilimia 25, ushuru ni 12,500, tumefika 62,500. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile 50,000, inapigwa kwenye 62,500, yani unalipa kodi juu ya kodi, inakuwa 73,750. Tozo ndogo ndogo kama ya reli na ya nyaraka naziruka. Muagizaji naye hafanyi kazi ya sadaka, anaweka asilimia 20, inakuwa 88,500. Mwenye duka wa Majengo hapa Dodoma anaifuata Kariakoo, anapakia kwenye buti la basi, anaweka asilimia 25 yake, anakuuzia 110,625. Rudia hesabu ile ile bila ushuru, unapata 88,500. Serikali ilichukua ushuru wa 12,500 lakini wewe umeongezewa 22,125, kwa sababu VAT na faida ya kila mtu njiani zinakokotolewa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingia. Ushuru unavimba kama unga wa maandazi, unavyozidi kukaa njiani ndivyo unavyoumuka, na mtu wa Dodoma au Singida anaukuta umeumuka kuliko wa Dar.

Kitu cha pili ni wapi kimetengenezwa. Jina lililoandikwa ubavuni na nchi kilipotengenezwa ni vitu viwili. Mustad ni kampuni ya Norway ya miaka mingi sana, ilianza 1832, lakini ndoano yenye jina hilo inaweza kuwa imetoka kiwanda cha Asia. Shimano ni Wajapani wa Sakai tangu 1921, ila wana viwanda Singapore na Malaysia pia. Na ukienda Weihai, mji wa pwani jimbo la Shandong huko China, utakuta viwanda vya fimbo na rili vimejaa, na kiwanda kimoja kinaweza kutengenezea majina mengi tofauti, kinabadilisha rangi na stika na kina mkataba tofauti wa ubora kwa kila mteja. Forodha haiangalii stika, inaangalia bidhaa imetengenezwa wapi. Kwetu hiyo haibadilishi sana maana Mjapani na Mchina wote wako nje ya jumuiya na wanakula kiwango kimoja, faida inakuja kama bidhaa imetengenezwa ndani ya Afrika Mashariki au SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na ina cheti cha uasilia, yani karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa.

Marekani ndiyo iliyoleta balaa. Aprili 2025 walitangaza ushuru mpya kwa karibu kila nchi, Vietnam ikatangaziwa asilimia 46 baadaye ikashushwa kuwa 20, China ikapandishwa mpaka 145, halafu Mei wakakubaliana ikashuka kuwa 30 kwa muda. Ebu fikiria wewe ni muuza fimbo wa kule, umeagiza mzigo Machi, na kabla haujafika tangazo la ushuru limebadilika mara kadhaa. Mbaya zaidi, zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kilikuwa kinaingia bila ushuru, wavuvi wengi wa kule walikuwa wanajiagizia chambo za plastiki moja kwa moja kutoka China, mlango huo ukafungwa kwa China tarehe 2 Mei 2025 na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huo huo. Kuna kodi nyingine kule ya asilimia 10 kwenye vifaa vya uvuvi wa michezo, na tangu sheria ya 1950 hela yake inarudi kwenye kutunza samaki na sehemu za kuvulia, na mimi binafsi kodi ya namna hiyo siwezi kuilalamikia.

Mtu atauliza sasa ya Marekani yanatuhusu nini sisi tunaovua bwawa la Mtera. Yanatuhusu kwa njia ya kuzunguka. Mteja mkubwa akipunguza oda, kiwanda kinatafuta pa kumwaga mzigo, na masoko kama yetu yanaweza kupata ofa nzuri kwa muda. Upande mwingine kampuni zikihamisha kazi kutoka China kwenda Vietnam au kwingine kukwepa ushuru, gharama za kuhama zinaingia kwenye bei na toleo unalolijua linaweza kupotea au likabadilika ndani huku sura ni ile ile. Na dola nayo, 2024 ilivuka shilingi 2,600, mwaka kama huo hata ushuru ungekuwa sifuri bei ingepanda tu.

Kwa nini tusitengeneze wenyewe? Swali zuri na jibu lake ni tofauti kwa kila kifaa. Nyavu zinawezekana na viwanda vya nyavu vipo Afrika Mashariki, na sheria yetu ya VAT ya 2014 iliweka nyavu za kuvulia kwenye orodha ya misamaha, kwa hiyo mvuvi wa nyavu hana mzigo sawa na wa rili. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoano, watu wanayeyusha madini ya risasi wanatengeneza, fimbo ya mwanzi unakata tu. Ila ndoano, kadogo vile, inataka waya wa chuma chenye kaboni nyingi, mashine ya kunoa na kupinda, inachomwa na kupozwa ili iwe ngumu bila kuwa rahisi kukatika, halafu inapakwa isishike kutu. Ili ilipe inabidi utengeneze mamilioni kwa mamilioni, na soko letu peke yake halimezi.

Lakini sio kila bei mbaya ni ya ushuru, na sio kila bei nzuri ni ya kukimbilia. Ndoano za rahisi rahisi ambazo hazikuchomwa vizuri zinajulikana, ishike na koleo uivute kidogo, ikikunjuka na kubaki imekunjuka hiyo kambale wa Mtera ataigeuza msumari. Mshipi nao umeandikwa unene wa milimita 0.30 kwenye kibandiko, ukiulinganisha na mwingine wa 0.30 kwa vidole unaona kabisa huo wa kwanza ni mnene zaidi, ndio maana ukaonekana hauna mpinzani kwa nguvu. Na zile nyavu za timba, za uzi mmoja wa plastiki, zinakuwa bei chee lakini zimepigwa marufuku, ukikamatwa nazo bei yake unaijua upya.

Kama unataka kujiagizia mwenyewe mtandaoni, kubali kwamba hapo muagizaji ni wewe, hesabu ya aina ile ya juu inakuhusu kasoro faida za wale wawili wa katikati, kwa hiyo kwa rili moja nauli inaweza kula akiba yote, mkiungana watu kadhaa ndio inaanza kuwa na maana. Na usimwambie muuzaji aandike dola 5 kwenye ankara ya kitu cha dola 40, forodha wana haki ya kuikataa thamani hiyo na kukadiria kwa bei ya bidhaa inayofanana nayo iliyoshaingia, na hapo kifurushi kinakaa huku wewe unatafuta risiti ya malipo.