Hela haimharibu mtoto

Tumelelewa tukiambiwa mtoto akizoea kushika hela ataharibika. Sivyo. Kinachomdanganya ni kuona hela haiishi: akilia, inatoka.

Hapa Mwanza somo la uhaba liko angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti, mitumbwi mingi hupumzika, na nyumba za wavuvi hula akiba. Mtoto wa Kirumba hayo anayaona, hajashirikishwa tu.

Jumatatu mpe sarafu 5 za shilingi 200, za ubuyu na visheti hadi Ijumaa. Jumanne zitakuwa zimekwisha. Jumatano atakuja na macho ya huruma. Usiongeze (hapo wengi tunashindwa, mimi mmojawao). Wiki inayofuata, huenda ukamkuta anazipanga mkekani, moja kwa kila siku.