Seli za Kupokea Mwanga Hazina Kosa

Imefika rufaa nyingine yenye sentensi ile ile: kijana ana ugonjwa wa Leber, upofu wa neva ya optiki unaorithiwa kwa mama, na "retina imekufa kwa kukosa nishati". Retina haijakufa. Ukimpima kijana huyo kwa elektroretinografia ya mmweko, yaani kwa kurekodi umeme wa retina inapomulikwa, seli zake za kupokea mwanga hujibu vizuri. Zinazokufa ni seli za ganglioni, zile za safu ya ndani ya retina, ambazo aksoni zake, yaani nyuzi zake ndefu, ndizo hasa neva ya optiki.

Theodor Leber aliueleza ugonjwa huu mwaka 1871, na mwaka 1988 badiliko la nafasi ya 11778 katika DNA ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli ambayo mtoto huirithi kwa mama, likahusishwa nao. Ukiongeza la 3460 na la 14484, umefikia takriban asilimia 90 ya wagonjwa, na yote matatu huharibu kompleksi ya kwanza, kiungo cha mwanzo cha mnyororo wa mitokondria unaozalisha nishati. Hayo yamo vitabuni.

Kinachonikera ni hilo "kwa kukosa nishati", linalotamkwa kana kwamba limemaliza maelezo. Seli za kupokea mwanga ni miongoni mwa seli zinazotumia oksijeni nyingi kupita karibu zote mwilini, na mitokondria zake zimerithi badiliko lile lile; kama njaa peke yake ndiyo muuaji, mlafi ndiye angetangulia kaburini. Ni kweli kwamba hujipatia sehemu kubwa ya nishati kwa kuvunja glukosi nje ya mitokondria, lakini sioni kwamba jibu hilo linatosha. Afadhali tutazame umbo la aksoni. Ndani ya jicho aksoni ya ganglioni haina mayelini, ala ya mafuta inayokinga nyuzi za neva, kwa hiyo kila ishara huigharimu zaidi, na mitokondria hurundikana katika kipande hicho hadi inapovuka lamina kribrosa, chekecheo ambapo neva hutoka kwenye jicho. Aksoni nyembamba kuliko zote, zile zinazotoka makula, kitovu cha retina chenye uoni wa katikati, zina nafasi finyu ya kubeba mitokondria, nazo ndizo zinazoanza kufa. Ndiyo maana kijana hupoteza uoni wa katikati bila maumivu, jicho moja kisha la pili baada ya wiki au miezi. Kompleksi yenye kasoro pia huvujisha elektroni na kuzalisha oksijeni haribifu, na sidhani kuna anayeweza kutenganisha kwa uhakika sumu hiyo na njaa yenyewe.

Fungu hilo hilo la nyuzi ndilo lililoumia katika mlipuko wa upofu wa neva ya optiki uliowapata vijana wa Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ingawa ule haukuwa wa kurithi kwa njia hii. Halikadhalika katika kasoro ya jeni ya OPA1, inayosababisha upofu mwingine wa neva ya optiki, ambayo imo kwenye kromosomu ya 3 na kwa hiyo baba huirithisha sawa na mama, tafadhali.

Na hata ndani ya kundi la ganglioni kifo huchagua: zile zenye melanopsini, rangi inayohisi mwanga, zinazoendesha mboni, huvumilia kwa kiasi kikubwa, na sababu yake haijakubaliwa. Matokeo yake kliniki ni mabaya, kwa kuwa mboni husinyaa vizuri kwenye tochi na kijana asiyeweza kusoma huambiwa anajifanya. Kabla ya kuandika hivyo, pima uoni wa rangi, kisha soma unene wa safu ya ganglioni kwenye OCT, picha ya tabaka za retina, ambao huanza kupungua mapema, wakati diski, kichwa cha neva ya optiki, bado inaonekana nyekundu na yenye afya.