Hata Mombasa, mtoto wa paka hushikwa na baridi

Jana nimeletewa boksi jingine. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka mmoja, gramu 84, macho bado yamefumba, maziwa yamemkaukia kidevuni. "Daktari, tangu alfajiri namnywesha kwa bomba la sindano, hataki." Nikamgusa: baridi kama kigae. Nilipomwambia yule mama kwamba mtoto ana baridi, akashangaa. "Kwa joto hili la Mombasa?"

Swali hilo nalisikia kila wiki, na watoto wanakufa kwa ajili yake. Joto la Mombasa unalisikia wewe. Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza anatakiwa awe na nyuzijoto 35 hadi 37 mwilini, na hana uwezo wa kujipasha. Hata kutetemeka bado hawezi. Joto analipata kwa mama yake na kwa ndugu zake waliombana. Mtenge nao, mlaze kwenye boksi juu ya saruji, usiku wa kusi, feni inazunguka: wewe umejifunika shuka moja na umeridhika, yeye anapoa. Akishuka chini ya 34 hivi, matumbo husimama. Maziwa unayomlazimisha hukaa tumboni yakachacha, au huingia mapafuni kwa kuwa hawezi kumeza sawasawa. Kwa hiyo anapokataa, anajikinga. Tafadhali usimshindilie.

Mpashe joto kwanza. Mweke kifuani chini ya kanga, au kando ya chupa ya maji moto uliyoizungushia taulo. Polepole, saa nzima au zaidi; kumpasha kwa ghafla kunaweza kumuua. Wakati huo mpake matone ya glukosi kwenye fizi, maana sukari ya damu humwishia upesi. Akianza kulia na kutafuta chuchu, ndipo umpe maziwa, akiwa amelala kifudifudi. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ni kumzamisha.

Maziwa ya ng'ombe humharisha. Yanayofaa ni maziwa ya unga ya watoto wa paka. Yakikosekana dukani, kwa siku moja mbili nimeruhusu ya mbuzi, na kila mara nimefanya hivyo kwa wasiwasi.

Wa wiki tano au sita asipokula, mara nyingi ni mafua: pua imeziba, na paka asiyenusa hali. Msafishe pua, umpashie dagaa moto kidogo wanukie. Mfunue mdomo pia. Fizi zikiwa nyeupe, huenda viroboto wamemmaliza damu. Parasetamoli usimpe kamwe, ni sumu kwake. Wala usisubiri hadi kesho kumpeleka kwa daktari.

Kuna jambo linaloniumiza. Wapo wanaofanyiwa yote haya barabara na bado wanafifia siku ya tatu. Wengine nimewapasua baada ya kufa nisione kitu. Mwenye paka akiniuliza alikosea wapi, humwambia ukweli, kwamba huenda hakukosea popote.

Huyu wa jana alifika nyuzi 36 baada ya magharibi, akanywa mililita 3. Asubuhi mizani imesoma gramu 86. Nilitaka aongeze 10 kwa siku, lakini hajapungua, na sasa analia kwa sauti kila nikifungua boksi.