Kipimo cha historia: sheria za bunduki zinavyopimwa katika mahakama za Marekani

Kipimo cha historia ni utaratibu ambao majaji wa Marekani hutumia kuamua kama sheria ya kudhibiti silaha inakubaliana na Katiba yao. Jaji haulizi kama sheria hiyo inaokoa maisha ya watu. Anauliza kama inaendana na desturi ya kale ya nchi hiyo ya kudhibiti silaha. Kipimo hiki kiliwekwa na Mahakama ya Juu tarehe 23 Juni 2022, katika kesi iitwayo Bruen, na asiyekielewa hawezi kufuata kesi za bunduki zilizokuja baadaye.

Chanzo ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu, maneno 27 kwa Kiingereza. Sehemu yake ya mwanzo inasema kwamba wanamgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru. Sehemu ya mwisho inasema haki ya watu kuweka na kubeba silaha isivunjwe. Watu walibishana kwa miongo mingi: je, haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, au ni ya wanamgambo tu? Mwaka 1939, katika kesi ya Miller, Mahakama ya Juu ilikataa kuikinga bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu ukawa chini ya inchi 18, kwa kuwa haikuonyeshwa kuwa na uhusiano na kazi ya wanamgambo. Ubishi ulimalizwa mwaka 2008 katika kesi ya Heller, kwa kura 5 dhidi ya 4: haki ni ya mtu binafsi, na jiji la Washington halikuwa na mamlaka ya kumkataza raia kuweka bastola nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2010 kesi ya McDonald, iliyotoka Chicago, ikaongeza kwamba haki hiyo inayafunga majimbo na miji pia, si serikali kuu peke yake.

Baada ya Heller, mahakama za rufaa zilitumia mizani. Upande mmoja waliweka mzigo anaobebeshwa mwenye silaha, upande wa pili faida ya sheria kwa usalama wa umma. Serikali ilileta takwimu za vifo na ushahidi wa wataalamu, na mara nyingi ilishinda. Bruen iliitupa mizani hiyo.

Kesi yenyewe ilihusu New York, ambako sheria yenye mizizi tangu mwaka 1911 ilimtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola iliyofichwa aonyeshe sababu ya kutosha, yaani hatari inayomkabili yeye kuliko watu wengine. Kuogopa wezi kwa ujumla hakukutosha. Majaji 6 dhidi ya 3, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, walisema mtu haombi ruhusa ya kutumia haki ya kikatiba kwa kueleza shida zake. Msomaji aliyezoea sheria za Kenya au Tanzania ashike tofauti hii vizuri. Huku kwetu bunduki ni jambo la ruhusa, na mwombaji ndiye anayejieleza. Marekani, tangu Bruen, anayejieleza ni serikali.

Katika kesi, kazi huenda hivi. Kwanza mlalamikaji anaonyesha kwamba anachozuiwa kimo ndani ya maneno ya Marekebisho ya Pili: yeye ni mmoja wa "watu" wanaotajwa, kifaa chake ni silaha, na anataka kukiweka au kukibeba. Akifaulu, sheria inadhaniwa kuwa batili, na jukumu la kuthibitisha linahamia kwa serikali. Hapo mawakili wa serikali huingia kwenye nyaraka kutafuta sheria za miaka ya karibu na 1791. Wengine hutegemea zile za karibu na 1868, yalipoanza Marekebisho ya 14, ambayo ndiyo yanayoyafunga majimbo. Katika Bruen Mahakama ya Juu iliacha suala la mwaka upi uwe kipimo bila kulikatia shauri. Sheria hizo za kale zikipatikana, jaji hulinganisha mambo mawili: sheria ya kale iliibana haki namna gani, na kwa sababu gani. Ya leo ikifanana nayo kwa yote mawili, inasimama.

Serikali nyingi hushindwa kwa kuleta mifano mibovu. Sheria ya jimbo moja tu haitoshi kuitwa desturi ya taifa. Sheria za maeneo ya magharibi ambayo hayajawa majimbo hazikupewa uzito mkubwa katika Bruen, maana zilihusu watu wachache na zilidumu muda mfupi. Za mwisho wa karne ya 19 hudhoofika zikipingana na za zamani zaidi.

Lakini penye ugumu wenyewe ni swali la kufanana kwa kiasi gani. Ukiielezea sheria ya kale kwa finyu, "faini kwa anayetembea na bastola sokoni", karibu hakuna sheria ya leo itakayofanana nayo. Ukiielezea kwa upana, "serikali ilizuia watu wa hatari", karibu kila sheria itapita. Kipimo chenyewe hakikusema jaji asimame wapi kati ya ncha hizo mbili, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Udhaifu huo ulionekana wazi katika kesi ya Rahimi. Sheria ya serikali kuu inamkataza kuwa na bunduki mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya ukatili dhidi ya mwenzi wake. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, moja ya mahakama za rufaa za kanda zilizo chini ya Mahakama ya Juu, iliibatilisha, ikisema serikali haikuleta mfano wa kale unaotosha. Ingeupata wapi? Wabunge wa karne ya 18 hawakuwa wakitunga sheria za kumlinda mke dhidi ya mumewe. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba serikali haitakiwi kuleta sheria pacha. Inatosha kanuni iliyo nyuma ya sheria iwe ile ile. Alitegemea aina mbili za sheria za kale. Moja ni dhamana ya kutunza amani, ambapo anayetishia wenzake aliweka fedha rehani au akaenda jela. Dhamana hiyo bado imo katika sheria za mwenendo wa jinai za Kenya na Tanzania, maana mzizi ni mmoja, sheria ya Kiingereza. Ya pili iliwaadhibu waliotembea na silaha kutisha watu, na adhabu yake ilikuwa pamoja na kunyang'anywa silaha hizo. Aliyepinga peke yake ni Jaji Thomas, mwandishi wa Bruen.

Si kila kesi ya bunduki inapitia kipimo hiki, na wengi huchanganya hapa. Kesi ya Cargill, iliyoamuliwa wiki moja kabla ya Rahimi, ilihusu kitako maalumu kinachoifanya bunduki ifyatue risasi mfululizo kwa kasi. Serikali ilikuwa imekiweka katika kundi la bombomu baada ya mauaji ya Las Vegas ya mwaka 2017. Majaji 6 walisema maneno ya sheria yanataka risasi zaidi ya moja zitoke kwa kitendo kimoja cha kifyatulio, na kitako hicho hakifanyi hivyo. Katiba haikuguswa kabisa, kwa hiyo Bunge likitaka linaweza kuibadilisha sheria hiyo.

Baada ya Rahimi majaji bado wanagawanyika. Sheria ya serikali kuu inawakataza wauzaji wenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Januari 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, yenye makao New Orleans, iliona inavunja Katiba, ikitaja sheria ya wanamgambo ya mwaka 1792 iliyowaandikisha vijana kuanzia miaka 18. Juni mwaka huo huo Mzunguko wa Nne, wenye makao Richmond, uliona ni halali, kwa sababu enzi hizo aliye chini ya miaka 21 alihesabiwa mtoto, na mfanyabiashara aliyemuuzia kitu hakuwa na hakika ya kulipwa, kwa kuwa kijana huyo aliweza kuuvunja mkataba.