Kisu hakisambazi saratani

Soko la Mbuyuni, Moshi, bado utasikia: uvimbe wa titi ukiguswa kisu ukapigwa na hewa, saratani inasambaa. Hewa haina kazi hiyo. Zamani wengi walifika hospitali uvimbe umeshafika kwapani na kwingineko. Wakapasuliwa, wakafariki, kisu kikabebeshwa lawama.

Kipimo chenyewe cha kujua kama uvimbe ni saratani, biopsi, ni kinyama chembamba kama kipande cha tambi, kinachotolewa kwa sindano baada ya ganzi. Ngozi huvia damu siku chache, basi. Bila kinyama hicho daktari hajui kama uvimbe unachochewa na homoni, yaani kama vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni hiyo, vitakufaa.

Ukienda hospitali ya KCMC kuchukua majibu, nenda na dada au shangazi mwenye kalamu. Wewe mwenyewe siku hiyo hutashika hata nusu.