Wajibu wa Kimaadili na Uhuru: Maana ya Sheria Ambayo Mtu Hujitungia

Katika soko la Kenya, mtaa wa mji wa Lubumbashi, unga wa bukari (ugali) hupimwa kwa meka, yaani chombo cha kupimia, na mtoto aliyetumwa na mama yake hawezi kujua kama meka imejazwa sawasawa au imepunguzwa kidogo. Tuseme muuzaji anaijaza hadi juu. Huenda anaogopa kwamba mama wa mtoto atakuja kugomba, au anataka wateja wasihamie meza ya jirani, au anampenda tu mtoto yule. Na huenda anaijaza kwa sababu ndilo jambo linalopasa. Kwa macho, sababu zote nne huzaa tendo moja, na unga ni uleule. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka 1724 mjini Königsberg, katika ufalme wa Prussia, na kufariki katika mji huohuo mwaka 1804, alitumia mfano wa mwenye duka wa namna hii, ambaye hata mtoto hununua kwake bila kupunjwa, naye akasema kwamba ni sababu ile ya mwisho peke yake inayolipatia tendo thamani ya kimaadili.

Wajibu, kwa maana hiyo, ni ulazima wa kutenda jambo kwa kuiheshimu sheria ya maadili. Hauhusu kazi aliyopewa mtu na mkubwa wake, wala matarajio ya ukoo, wala hofu ya adhabu. Haumaanishi pia kwamba anayefurahi kutenda mema amepoteza kitu. Maana yake ni kwamba furaha ikikauka, sababu ya kutenda bado ipo.

Amri nyingi tunazopeana zina masharti: ukitaka kupata diploma ya Serikali, soma, na asiyeitaka diploma hafungwi na amri hiyo. Amri ya maadili haina neno «ukitaka». Lakini tutaitambuaje? Kipimo alichotoa Kant mwaka 1785 ni hiki: tenda tu kwa kanuni ambayo unaweza, wakati huohuo, kutaka iwe sheria ya watu wote.

Tuchukue likelemba ya akina mama kumi wanaochanga kila wiki, kila mmoja akipokea mchango wote zamu yake ikifika. Mmoja wao, aliyebanwa na pesa za shule za watoto, anaomba zamu ya kwanza, huku akijua moyoni kwamba akishapokea hatachanga tena. Kanuni yake, ikisemwa wazi, ni kwamba mwenye shida anaweza kuahidi asichokusudia kukitimiza ili apate pesa. Hapa wengi hudhani swali ni la hasara, yaani kwamba wenzake tisa wataumia, au kwamba yeye atajulikana na kukosa wa kumkopesha. Hasara hizo ni za kweli, lakini swali la Kant linachimba zaidi. Kama kila mwenye shida angeahidi hivyo, na kila mtu akajua kwamba ndivyo inavyofanyika, neno la mtu lisingekuwa ahadi tena, hakuna ambaye angetoa pesa yake, na hiyo zamu ya kwanza anayoitamani isingekuwapo. Mpango wake unasimama kwa sababu wenzake tisa wanafuata kanuni iliyo kinyume cha yake. Anataka sheria iwabane wote na imwache yeye peke yake nje, na huko kujitoa ndiko kosa lenyewe, hata kama hakuna atakayegundua.

Kant aliitamka amri hiyo kwa namna nyingine pia: utu, ndani yako na ndani ya kila mtu, utendewe daima kama lengo, usitendewe kamwe kama chombo tu. Neno «tu» lina uzito wake, kwa kuwa abiria humtumia dereva na dereva humtumia abiria bila mmoja kumdhulumu mwingine. Vitu vina bei; mtu ana hadhi, ambayo haina mbadala. Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, ilipima thamani ya mwanakijiji kwa utomvu wa mpira aliouleta kutoka msituni, na huko ndiko kumgeuza mtu chombo tu.

Je, sheria ikiwa haina masharti, uhuru unabaki wapi? Jibu la Kant, ambalo kwangu ndilo kiini cha fundisho lake lote, ni kwamba anayefuata kila tamaa inayomjia hajitawali. Njaa, hofu na wivu humsukuma jinsi mteremko unavyosukuma jiwe. Mtu ni huru anapotii sheria ambayo akili yake mwenyewe imemtungia. Mwaka 1788 alieleza habari ya mtu anayetakiwa na mtawala kutoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mwema, na kutishiwa kunyongwa akikataa. Huenda asithubutu kusema kwamba atakataa, lakini atakiri bila kusita kwamba anaweza kukataa. Anajua kwamba anaweza kwa sababu anajua kwamba imempasa, na bila wajibu huo uhuru wake ungebaki umefichika kwake.

Kiswahili kina neno linalobeba mambo hayo mawili pamoja: muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa, na ni mtu mwenye adabu, anayelinda neno lake. Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana kutokana na neno hilo. Hata hivyo, uungwana wa zamani ulikuwa daraja, na ili mmoja aitwe muungwana ilibidi mwingine aitwe mtumwa. Fundisho la Kant linaiondoa daraja hiyo, kwa kuwa kila mwenye akili ni mtunga sheria.

Kant mwenyewe hakulifuata fundisho hilo kikamilifu. Mwaka 1764 aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi, na msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kumpima kwa kipimo chake mwenyewe, ambacho hakikumpa mtu yeyote ruhusa ya kujitoa. Mwaka 1795, akiandika juu ya amani, alizitaja Amerika, nchi za watu weusi na Rasi ya Tumaini Jema, akawashutumu Wazungu kwamba walizichukua kama nchi zisizo na mwenyewe, kwa kuwa waliwahesabu wenyeji kuwa si kitu.