Programu ya barua pepe inayojifunga kila mara: dhana potofu na ukweli

Programu ya barua pepe ikijifunga mara tatu kabla ya saa sita mchana, tena kwenye kompyuta inayojikokota, mtu hushika lolote litakalomjia mkononi: anafuta, anasakinisha upya, anawasha na kuzima. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu tatizo hili ni wa kubahatisha, na baadhi yake humpotezea mtu barua za miaka. Maelezo haya yanahusu Windows, hasa Outlook ile ya zamani inayosakinishwa pamoja na Office, na Thunderbird. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Dhana: Kompyuta ni nzito, ndiyo maana programu inajifunga

Uzito wa kompyuta huchelewesha kazi, lakini kwa kawaida hauiangushi programu. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kuganda ni pale dirisha linapofifia na juu yake yakatokea maneno "Not Responding": programu bado ipo, inasubiri kitu, na mara nyingi kitu hicho ni diski. Ukiiacha dakika mbili tatu inaweza kurudi. Kujifunga ni pale dirisha linapotoweka lenyewe bila wewe kugusa chochote.

Huna haja ya kukisia ni lipi limetokea, kwa sababu Windows huandika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo kitu kilifeli. Bofya siku husika: "Stopped responding" ni kuganda, "Stopped working" ni kujifunga. Ukitaka undani, fungua eventvwr.msc, nenda Windows Logs, halafu Application. Tukio namba 1000 ni kujifunga. Namba 1002 ni kuganda.

Ndani ya tukio namba 1000 tafuta mstari wa "Faulting module name". Huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote. Ukikuta hapo faili la antivairasi, la printa au la programu nyingine iliyojichomeka, umempata wa kuanza naye. Ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usikimbilie kupakua faili hilo mtandaoni: hayo ni mafaili ya Windows yenyewe ambayo karibu kila programu huyapitia, kwa hiyo jina lake peke yake halimtaji mkosaji. Na kama kila mara linatajwa faili tofauti, tena programu nyingine nazo zinaanguka ovyo, shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au diski.

Uzito na kujifunga hukutana sehemu moja, nayo ndiyo chanzo cha visa vingi. Kompyuta nzito hufanya programu igande. Mwenye haraka anafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazofanya kazi) na kuiua. Programu inakatwa ikiwa katikati ya kuandika kwenye faili la barua. Faili linabaki na kovu. Baada ya kuuawa hivyo mara kadhaa, programu inakuja kujikwaa kwenye kovu hilo na kujifunga yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kubofya "End task", tazama safu ya Disk kwenye Task Manager. Kama programu ya barua bado inasoma au kuandika, hata kwa MB 1 kwa sekunde, iache imalize.

Dhana: Dawa ni kuiondoa programu na kuisakinisha upya

Kusakinisha upya hubadilisha mafaili ya programu. Wasifu wenye akaunti zako na faili lenye barua hubaki palepale kwenye diski, na programu mpya ikifunguka inaenda moja kwa moja kwenye kovu lilelile. Ndiyo maana watu hupoteza saa nzima kisha tatizo linarudi ndani ya dakika tano.

Anza na jaribio la dakika moja. Funga Outlook, bonyeza Windows na R, andika outlook.exe /safe. Hapo inafunguka bila programu-jalizi, yaani vijiprogramu vinavyojichomeka ndani yake. Kwa Thunderbird, shikilia Shift wakati unaifungua, au ingia menyu ya Help uchague Troubleshoot Mode. Fanya kazi zako za kawaida humo kwa muda ambao kwa desturi programu ingekuwa imeshaanguka.

Ikitulia, mkosaji huenda ni programu-jalizi. Fungua Outlook kawaida, nenda File, Options, Add-ins. Chini kabisa chagua COM Add-ins, bofya Go, ondoa alama zote. Kisha rudisha nusu. Ikianguka, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo. Isipoanguka, yumo kwenye iliyobaki. Kugawa nusu kwa nusu kunakufikisha haraka kuliko kurudisha moja moja pale zinapokuwa kumi au zaidi. Zinazoleta matata mara kwa mara ni za antivairasi, za mikutano ya video, za PDF na za simu zilizosakinishwa zamani na kusahauliwa.

Isipotulia hata humo, tengeneza wasifu mpya: Control Panel, Mail, Show Profiles, Add. Usifute wa zamani. Wasifu mpya ukifanya kazi vizuri, wa zamani ndio ulioharibika. Nao ukianguka, geukia faili la data na mashine yenyewe. Kuikarabati Office kunafuata baada ya hapo, na huhitaji kuiondoa: Settings, Apps, tafuta Office, chagua Modify, halafu Quick Repair.

Dhana: Nimefuta barua elfu kumi, kwa hiyo faili limepungua

Halijapungua. Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ya barua ndani ya faili moja refu. Ukifuta barua, inawekewa alama tu kwamba imefutwa. Maneno yake na viambatisho vyake hubaki ndani ya faili hadi folda ibanwe. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Compact. Kabla ya hapo hakikisha diski ina nafasi tupu inayozidi ukubwa wa folda kubwa kuliko zote, kwa sababu kubana ni kuandika nakala mpya kisha kuondoa ya zamani. Diski iliyojaa ikikatisha kazi hiyo katikati, umejitengenezea kovu jingine.

Outlook nayo huacha mashimo. Kwanza mwaga folda ya Deleted Items, kisha File, Account Settings, kichupo cha Data Files, chagua faili, Settings, Compact Now. Kwa faili la GB 10 kwenye diski ya kuzunguka (HDD, ile yenye sahani zinazozunguka) kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo ianzishe ukiwa umemaliza kazi za siku, na laptopu iwe kwenye umeme.

Ukubwa wenyewe una mipaka. PST ni faili ambalo Outlook huhifadhia barua kwenye kompyuta yako. Mafaili ya PST ya muundo uliotumika hadi Outlook 2002 yanakomea GB 2, na yakifika hapo huharibika. Outlook 2003 na 2007 ziliweka kikomo cha kawaida cha GB 20, na kuanzia 2010 ni GB 50. Lakini kompyuta nzito huanza kulalamika mapema sana kabla ya GB 50. Folda moja yenye vitu zaidi ya 100,000 inatosha kuichosha, hata kama faili zima si kubwa. Gawanya Inbox kwa miaka.

Ili kupata vinavyokula nafasi, andika messagesize:>5MB kwenye sehemu ya kutafutia ya Outlook. Mara nyingi barua chache zenye video na picha zinabeba nusu ya mzigo. Na kama akaunti ni ya Exchange au Microsoft 365 (huduma za Microsoft zinazoweka barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma), kuna njia nyepesi zaidi: Account Settings, chagua akaunti, Change, kisha vuta kitelezi cha muda wa barua za nje ya mtandao kutoka mwaka 1 hadi miezi 3. Za zamani zinabaki salama kwenye seva. Zinaondoka kwenye diski yako tu.

Dhana: Faili likiharibika, lifute tu, barua zitashuka upya

Ushauri huu ni wa kweli kwa watu fulani na ni msiba kwa wengine. Tofauti ni herufi moja: OST au PST.

OST ni nakala ya kile kilichopo kwenye seva. Ukifunga Outlook, ukabadilisha jina la faili kutoka .ost kuwa .old, kisha ukafungua, Outlook itaunda jipya na kuteremsha barua tena. Hata hapo, kagua mambo mawili kwanza: barua zilizokwama Outbox hazijafika seva, na folda zilizoandikwa "This computer only" kama kalenda na anwani za akaunti za IMAP (aina inayoacha barua kwenye seva) zipo kwenye kompyuta hiyo pekee. Zihifadhi kwanza.

PST haina pa kurudia. Kama akaunti ni ya POP (aina inayoteremsha barua kwenye kompyuta), seva huenda ilishafuta barua baada ya kuzikabidhi, na faili hilo ndilo barua zenyewe. Ukilifuta, umezifuta. Aina ya akaunti inaonekana kwenye Account Settings, kichupo cha Email. Mahali faili lilipo panaonekana kwenye kichupo cha Data Files. Soma vichupo hivyo viwili kabla ya kugusa chochote.

PST iliyoharibika hutibiwa kwa SCANPST.EXE, inayokuja na Office. Kwa Office za karibuni tafuta ndani ya C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, au Program Files (x86) kama Office ni ya biti 32. Funga Outlook na uhakikishe kwenye Task Manager kwamba imeondoka kweli. Nakili PST kwenye diski nyingine. Fungua SCANPST, chagua faili, Start, acha alama ya kutengeneza nakala ya akiba, bofya Repair. Ikimaliza, irudie. Mara ya kwanza huwa haimalizi makosa yote. Endelea hadi iseme hakuna kosa. Vitu ilivyoviokoa bila kujua folda yake huwekwa Lost and Found.

Thunderbird nayo ina mtego wake. Kila folda ina mafaili mawili: Inbox, lisilo na herufi za mwisho, na Inbox.msf. Lile la .msf ni faharasa tu, na Thunderbird hulijenga upya ukilifuta programu ikiwa imefungwa, au ukibofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Repair Folder. Lile lisilo na herufi ndilo barua. Wapo walioyafuta yote mawili wakidhani ni takataka.

Dhana: Ongeza RAM, kila kitu kitatulia

Tazama kabla ya kununua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua programu ya barua, na uangalie safu za Memory na Disk wakati inaganda. Kama Memory imepanda juu ya asilimia 90, RAM itasaidia. Kama Memory ipo 60 na Disk imekaa 100, RAM mpya haitabadilisha kitu. Diski ya kuzunguka husoma vipande vilivyotawanyika kama mara mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida (diski isiyo na kitu kinachozunguka) hufanya hivyo maelfu kwa maelfu. Faili la barua ni vipande vilivyotawanyika mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana kuhamia SSD huleta nafuu kubwa kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanyia kompyuta ya zamani. Jua pia kwamba Outlook ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata mashine iwe na GB 32.

Diski inayokufa hujifanya programu mbovu. CrystalDiskInfo huisoma hali yake bure: kwenye diski ya kuzunguka tazama mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zenye hitilafu. Thamani ghafi ya C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, nakili barua leo hii, kabla ya chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski), maana ukaguzi huo huisugua diski nzima na unaweza kuimaliza. RAM yenyewe hupimwa kwa mdsched.exe.

Dhana: Antivairasi ikikagua barua mara mbili, ni salama zaidi

Kiambatisho hukaguliwa tena pale kinapohifadhiwa au kufunguliwa, hata bila programu-jalizi ndani ya Outlook. Jalizi hiyo huongeza uzito na sababu ya kuanguka. Izime, uache ulinzi wa mafaili ukiwa umewashwa. Kwa Thunderbird hatari ni kubwa zaidi: kwa kuwa folda nzima ni faili moja, antivairasi ikikuta barua moja mbaya inaweza kulifungia faili zima, na Inbox ikafunguka tupu. Kabla ya kuhangaika, angalia karantini ya antivairasi, yaani mahali inapofungia mafaili inayoyashuku.

Programu za "kusafisha rejista" na "kuongeza kasi" ziache kabisa. Hazitengenezi faili la barua lililoharibika wala diski mbovu.

Dhana: PST ikikaa kwenye folda ya OneDrive, nina nakala ya akiba

Outlook huligusa PST muda wote ikiwa wazi, na kisawazishaji (sehemu ya OneDrive inayopandisha mafaili mtandaoni) hujaribu kulipandisha linapobadilika. Wawili hao wakigombea faili la GB 8, kompyuta nzito inazidi kuganda, na faili linaweza kuharibika. Kuliweka kwenye diski ya mtandao nako kuna hatari hiyohiyo. Lihamishie kwenye diski ya ndani ya kompyuta: funga Outlook, hamisha faili, fungua Outlook, nayo ikiuliza lilipo, ielekeze mahali papya.

Nakala ya akiba itengeneze Outlook ikiwa imefungwa, kwenye diski ya nje, kila wiki. Kisha ijaribu: File, Open & Export, Open Outlook Data File, chagua ile nakala, fungua barua chache za zamani zenye viambatisho. Ukimaliza, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia kwenye orodha ya folda na uchague Close, kabla ya kuchomoa diski ya nje.